Taa ya Ng'ambo

SEHEMU YA KWANZA

Babu yangu, Koko Karani, hakuomba dawa. Hakuomba padri. Aliomba taa.

"Anasema uje na taa ya mafuta, si tochi," Yaya, ndugu yangu mkubwa, aliniambia kwenye simu jioni ya Alhamisi, tarehe 25 Julai 2019, nami niko uani kwangu Goma nachambua maharagi. "Ile ya kioo, inayoonekana mbali. Na uwahi. Tangu juzi hali kitu, uji kidogo tu."

Nikamuuliza taa ya nini. Mtandao ukakatika.

Kesho yake alfajiri nilikuwa juu ya pikipiki, taa imefungwa ndani ya kitenge, nimeikumbatia kama mtoto. Tukapita Sake, tukaanza kupanda Mushaki, ng'ombe wametapakaa vilimani, chukudu za mbao zinashuka kutoka juu zimejaa viazi na makaa, vijana wamezikalia bila woga. Kutoka Goma hadi Masisi-kati ni kama kilomita 80, na kila kizuizi kina kamba yake na mkono wake ulionyooshwa. Nililala Nyabiondo. Jumamosi nikaenda kwa miguu.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, na njia ile ndiyo somo ninalolipenda kuliko yote. Mvua ikinyesha Goma, maji yake huingia Ziwa Kivu, yakatoka kwa mto Rusizi hadi Tanganyika, yakafuata Lukuga hadi Lualaba. Ikinyesha Rutshuru, huteremkia Ziwa Edward na mwisho wake ni Nile, huko Misri. Lakini ukishapanda milima ya Masisi, mahali fulani mgongo wa nchi unageuka. Vijito havirudi tena ziwani. Vinashika njia ya machweo, vinaingia mto Oso, Oso unaingia Lowa, Lowa unapita Walikale na kumwagikia Lualaba. Matone mawili yaliyoanguka pande mbili za mlima mmoja yanaachana pale, kila moja linazunguka nchi kwa njia yake, na mwisho yanakutana Lualaba. Sikufundishwa hayo chuoni. Koko ndiye aliyenichorea, kwa kijiti, kwenye majivu ya jiko, kabla sijajua kusoma.

Kijiji chetu sitakitaja jina. Kiko ukingoni mwa Oso, chini ya Nyabiondo, pale Masisi inapochoka kuwa milima na msitu wa Walikale unapoanza kupumua. Kwetu viazi vinagoma, na michikichi ndiyo kwanza inaanza kukubali. Kuna nyumba kama arobaini, kanisa la mabanzi, miti ya avoka iliyopandwa na watu waliokwisha kufa. Na kuna bonde. Hektari kumi na mbili za udongo mweusi kati ya kilima chetu na mto, maharagi, mahindi, ndizi, muhogo. Familia thelathini na moja zinakula kutoka pale. Mtu akituuliza sisi ni nani, tunamwonyesha bonde.

Koko alikuwa amelala kitandani karibu na dirisha, mwepesi kama ganda la mahindi. Alinigusa uso kwa vidole kwanza. Ndipo nilipojua macho yake yamekwenda.

"Mama," aliniita hivyo daima, maana nilipewa jina la mama yake. "Umeileta?"

"Nimeileta, Koko."

"Weka hapo. Sasa chini ya mto wa kichwa kuna karatasi. Zisome kwa sauti. Zote."

Zilikuwa nakala. Mchungaji wa bwana mmoja wa mjini alizileta wiki iliyopita, akaziacha mlangoni kwa kapita wa kijiji, akasema watu wavune kilichokomaa na waondoke, ng'ombe wanakuja. Ya kwanza ilikuwa cheti cha kuandikishwa ardhi. Ilisema ardhi yote kutoka kilimani kwetu hadi mto Oso ilikuwa wazi, haina mtu, haina mwenyewe. Nilisoma neno lile, *wazi*, nikasikia nje mwanamke anamwita mtoto wake atoke kwenye maharagi.

"Tarehe," Koko akasema.

"Tarehe 1 Agosti 2017."

Akanyamaza. Nami moyo ukaanza kupiga, maana mtu yeyote wa Kongo aliyewahi kuzunguka na kesi ya shamba anaijua sheria hiyo: cheti kikishatimiza miaka miwili hakipingwi tena. Unaweza kudai fidia, ukapewa au usipewe, lakini udongo umekwenda. Leo tarehe 27. Miaka miwili ilikuwa inatimia Alhamisi.

"Endelea," akasema. "Iko moja nyuma."

Ya mwisho ilikuwa ripoti ya uchunguzi, ile inayotakiwa kuthibitisha kwamba ardhi kweli haina watu. Chini yake kulikuwa na sahihi tatu. Mbili sikuzijua. Ya tatu niliijua kabla sijaisoma, kwa ile herufi ya kwanza yenye mkia mrefu kama mpini wa jembe. Nimeiona kwenye cheti changu cha ubatizo. Nimeiona kwenye kila barua niliyotumiwa nikiwa shuleni.

"Koko," nikasema, na sauti haikuwa yangu. "Hii ni sahihi yako."

SEHEMU YA PILI

"Ni yangu," akasema. "Funga mlango."

Nikafunga. Sikukaa karibu naye. Nilikaa kwenye kigoda cha mlangoni, na hata leo naona haya kwamba nilikaa mbali.

"Walikuja wanne, wawili wana bunduki. Walitaka mzee mmoja wa kuandika kwamba hapa hapana mtu. Ningekataa, wangetafuta mwingine, naye angeandika walivyotaka. Nikasema, nipeni kalamu, mimi ni karani, nitaandika mwenyewe. Soma nilivyoandika mpaka."

Nikasogeza karatasi dirishani. Mwandiko wake, umesimama wima kama askari wa zamani: *kutoka barabara ya kilimani hadi mto Oso, kama mto huo ulivyoandikwa katika daftari la kijiji.*

"Hawakuuliza daftari gani," akasema. "Wenye haraka hawasomi hadi mwisho. Sasa nisikilize, maana pumzi ni chache."

Nitayaandika kama alivyoyatoa, ingawa yeye aliyatoa kwa vipande, akipumzika, akiomba maji.

Kijiji hakikuzaliwa hapa. Mababu walikaa juu, kila ukoo kwenye kilima chake. Ni Wabelgiji waliotaka watu wakae kando ya barabara, wapate kuwahesabu, kuwatoza kodi, kuwapeleka kulima barabara hiyo hiyo. Basi Wahunde wakashushwa mpaka hapa, na ng'ambo ya mto walikuwapo Wanyanga wawili watatu na mitego yao. Kisha, kuanzia mwaka 1937, serikali ileile ikaanza kuhamisha watu kutoka Rwanda kuwaleta Gishari, huko juu Masisi. Kazi hiyo ilikuwa na ofisi yake, MIB, nayo ilidumu hadi 1955. Rwanda ilikuwa imebanana, imeonja njaa, na mashamba ya wazungu huku yalitaka mikono. Hakuna aliyemuuliza mwenyeji, wala hakuna aliyemuuliza mgeni.

Mmoja wa wageni hao alichoka na kazi ya shamba la mzungu, akafuata maji. Aliteremka na bonde hadi akakutana na Oso mahali unapolegea na kupanuka, akaona watu wa pande mbili wanaitana bila kuweza kuvuka. Akaomba mahali ng'ambo. Akatoa mbuzi na mtungi wa kasiksi, pombe ya ndizi, kama desturi ilivyotaka, akapewa. Akachonga mtumbwi. Mwanawe akaoa binti wa Kinyanga na kurithi kasia. Huyo mwana ndiye Koko aliyemwita, maisha yake yote, Mvushaji.

"Usiku mtu akitaka kuvuka alikuwa anainua taa mara tatu," Koko akasema. "Mvushaji anajibu mara tatu. Ndipo anakuja."

Kisha zikaja mvua za 1961 na 1962, zilezile zilizopandisha maji ya maziwa yote ya Afrika Mashariki. Wakati huo Oso ulikuwa unapita chini kabisa ya kilima chetu, unakwaruza mawe, na bonde lote lilikuwa ng'ambo. Usiku mmoja mto ukavunja njia mpya upande wa pili. Asubuhi watu walisimama mlangoni wakaliona bonde liko kwao, limelowa, linang'aa, na nyumba ya Mvushaji iko mbali, juu ya ukingo mwingine. Mto ulikuwa umewahama.

Jirani mwingine angesema, Mungu amenipa. Wazee wetu walikuwa na nafasi ya kusema hivyo, na nchi ilikuwa na uhuru wa miaka miwili tu, bado mtu hajui serikali iko wapi. Walimwita Mvushaji, wakamwita Koko, kijana wa miaka ishirini na minane aliyekuwa karani wa grupema, kundi letu la vijiji, wakakaa siku tatu chini ya avoka. Bonde likalimwa na pande zote mbili. Likaandikwa kwenye daftari: mto ulipita wapi, nguzo za daraja la kamba za msitu zilisimama wapi, nani ana mistari mingapi. Mwaka 1973 sheria ikasema ardhi yote ni ya Serikali, na ile ya vijiji ikaahidiwa amri yake peke yake. Hadi 2019 amri hiyo ilikuwa haijatoka. Vilima vizima vya Masisi vikageuka malisho ya wakubwa. Bonde letu likabaki na daftari lake.

"Mpaka Ntoto," nikasema.

"Mpaka Ntoto."

Tarehe 20 Machi 1993, sokoni Ntoto, upande wa Walikale, Wanyarwanda walivamiwa na kuuawa. Moto ukapanda hadi Masisi, kisasi kikazaa kisasi, na maelfu wakafa wa kila lugha. Habari zilifika kwetu kabla ya wauaji. Usiku ule Mvushaji alivuka mara ya mwisho kuja upande wetu, peke yake.

"Nilimshikia taa. Tukalichukua daftari tukalichana kwa urefu, juu hadi chini, ili kila mstari uwe na nusu kwangu na nusu kwake. Mmoja akilazimishwa kuuza, hana cha kuuza. Yeye akasema nusu yake ataitia ndani ya ngoma. Ni mkewe aliyeshauri. Kwao mtoto Mwindo alifungiwa ndani ya ngoma na baba yake, akatupwa mtoni, na maji hayakumweza."

Simulizi hilo nimelisoma kitabuni. Daniel Biebuyck alilinakili mwaka 1956 kutoka kinywani mwa Mnyanga mmoja, Shekarisi Rureke, likachapishwa 1969. Lakini sikujua kwamba kuna watu waliolitumia kama sanduku la kuwekea akiba.

"Akaniambia, Karani, kila mkesha wa soko inua taa mara tatu. Nikiwa hai, nitajibu. Nimeinua miaka ishirini na sita, Mama. Mwaka huu miguu imekataa, na taa yangu ilivunjika."

Akanyoosha kidole kwenye nguzo ya kati ya nyumba. Nyuma yake kulikuwa na mkebe wa maziwa ya unga, umezibwa kwa nta. Nta ilikuwa imepasuka. Nikautoa utepe mrefu wa karatasi za manjano, wenye ukingo uliochanika kama meno ya msumeno. Nikasoma.

*Bonde hili si la*

*Mto wa zamani ulipita chini ya*

*Atakayeliuza, awe wa huku au wa*

Kila mstari ulifika ukingoni ukaanguka. Nikafunua hadi ukurasa wa mwisho, na hapo chini, kwa wino wa bluu ambao haukuwa na hata mwaka mmoja, kwa mkono ambao haukuwa wa Koko, mtu alikuwa ameandika neno moja.

*Nimeona.*

SEHEMU YA TATU

Sikumwambia. Mzee asiyeona, ambaye kwa miaka yote hiyo ameamini kwamba mkebe wake haujaguswa, ningemwambiaje? Niliuficha utepe kifuani mwangu, chini ya nguo, na tangu hapo kila aliyeingia kumsalimia Koko nilimtazama vidole kama vina wino.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Kesi ya cheti huingizwa Goma. Jumatano ndiyo siku ya mwisho. Ili nifike Jumatano, Jumanne alfajiri niwe njiani. Kufungua kesi si kazi, kuifungua mkono mtupu ndiyo kazi. Nilikuwa na usiku tatu.

Usiku wa kwanza niliinua taa peke yangu. Mbele yangu maji, na ng'ambo giza tupu. Mwezi ulikuwa unaishia, umebaki ukucha wa alfajiri tu. Hapakuwa na jibu.

Jumapili baada ya ibada niliwafuata wanawake bondeni. Nilitaka kuuona mto uliokufa. Mto hauondoki bure, huacha mifupa. Nikatafuta matete mahali pasipo na maji, nikatafuta udongo unaobadilika rangi ghafla. Mama mmoja aliyekuwa anapalilia akanitazama nikiinama na kuinuka, akacheka.

"Unatafuta nini, Mwalimu?"

"Mahali mto ulipopita zamani, Mama."

"Si ungeuliza? Ni hapa jembe linapolia."

Akapiga jembe chini. Likatoa sauti nyembamba, ya chuma na jiwe. Akasogea hatua moja, akapiga, likalia. Akanishika mkono tukaenda hivyo, hatua kwa hatua, yeye akipiga na mimi nikichimbua kwa vidole: kokoto za mviringo, laini, zilizosuguliwa na maji, chini ya shubiri moja ya udongo. Mstari ulipinda kufuata mguu wa kilima, upana wa mitumbwi minne, ukashuka hadi kwenye migomba na kupotea. Wanawake wote waliujua. Kila mmoja alijua ni wapi shambani mwake jembe linalia, na wamewafundisha binti zao wasipande muhogo pale maana hauteremki. Hakuna aliyewahi kuja kuwauliza wakaandikwa shahidi.

Kati ya mstari ule na kilima palikuwa na utepe wa mawe ambao hata mbuzi hawautaki. Hicho ndicho Koko alichompa bwana wa mjini. Bonde lote lilikuwa nje ya cheti, mradi mtu aweze kuonyesha maandishi ya mto uliotajwa.

"Na daraja la kamba?" nikauliza.

"Nguzo moja ipo," akasema mama yule, sauti ikashuka. "Lakini wiki hii imechimbwa."

Akanipeleka. Nyuma ya migomba kulikuwa na shimo jipya, udongo wake bado una unyevu. Kisiki cheusi cha nguzo kilikuwa kimeng'olewa nusu, kimeachwa kimelala. Aliyechimba hapa alijua mahali pa kuchimba, na hakuna karatasi inayomwelekeza mtu hapo isipokuwa ile niliyokuwa nimeificha kifuani.

Usiku wa pili niliinua taa mara tatu, nikangoja, nikainua tena. Chura tu.

Jumatatu kutwa Koko hakusema. Saa kumi na mbili jioni akafungua kinywa. "Leo nipelekeni."

Vijana wakafunga kipoyi kwa miti miwili na kitenge, tukamshusha mtoni taratibu, wanawake wanafuata kimya. Nilimtafuta Yaya amshike mzee kichwa, nikaambiwa amekwenda Nyabiondo tangu asubuhi kununua mafuta ya taa. Mafuta tulikuwa nayo. Chupa nzima, nimeitoa Goma mwenyewe, na Yaya ndiye aliyenipokea mzigo.

Kapita naye hakuwapo.

Tukamweka Koko juu ya jiwe la kufulia. Akadai taa aishike kwa mkono wake. Nikauweka mkono wangu chini ya kiwiko chake, tukainua pamoja. Mara ya kwanza. Tukashusha. Mara ya pili. Mkono wake ulikuwa unatetemeka hadi kioo kinalia. Mara ya tatu.

Hatukuongea. Oso ulikuwa unapita na sauti yake ya kiangazi, ndogo, ya mtu anayesali peke yake. Nilihesabu mpaka mia. Nilifikia tisini na kitu nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia kwamba miaka ishirini na sita ni mingi, kwamba watu wanakufa, wanahamia Walikale-kati, wanahamia Kisangani, wanazeeka kambini.

Ndipo ng'ambo, chini kabisa karibu na maji, kikawaka kitu kidogo chekundu, kikawa cha manjano, kikapanda polepole juu ya giza.

Mwanamke mmoja nyuma yangu alianza kulia.

"Nini?" Koko akauliza. "Nini, Mama? Niambie."

"Taa, Koko. Imeinuka."

"Ngapi?"

"Moja." Ikashuka. Ikapanda tena, na safari hii ikamulika ubavu wa mtumbwi, na ndani ya mtumbwi, pembeni ya mtu aliyesimama, kitu kikubwa cha mviringo kimefunikwa kwa ngozi. "Mbili. Koko, wana ngoma."

Akatabasamu. Sijawahi kumwona akitabasamu vile, uso wote, kama mtoto. "Subiri ya tatu," akasema. "Bila ya tatu hatuvuki."

Taa ya ng'ambo ikashuka. Ikazimika ghafla, kama iliyopulizwa, na mtumbwi ukamezwa na giza.

"Ya tatu?" Koko akauliza.

Sikuweza kumjibu. Kivuli changu mwenyewe kilikuwa kimejichora juu ya maji mbele yangu, kirefu, kinacheza. Taa yetu tulikuwa tumeiweka chini, miguuni. Mwanga ule ulikuwa unatoka nyuma, kutoka migombani, nao ulikuwa unainuka.

"Ngapi, Mama?"

"Ya tatu imewaka, Koko," nikasema, nikigeuka. "Lakini iko upande wetu."

Itaendelea